Mzee ana sirosisi? Usimkatie protini!

Hiyo orodha ya vyakula vya marufuku uliyopewa, iweke pembeni leo hii. Unasema baba yako ana sirosisi (ini limejaa makovu), ameambiwa aache nyama, mayai na maharage asije akachanganyikiwa, na mmefarijika kuona kilo zimepanda. Mkuu, hizo kilo huenda ni maji ya tumboni.

Dada yangu alinyimwa protini hivyohivyo. Kila kliniki mizani ilisoma vizuri, huku mapaja yakiisha, mashimo yakiingia pembeni mwa paji la uso, na kuinuka kitini mpaka ajisukume kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyemgusa paja. Mwishowe alilazwa kwa kuchanganyikiwa, kitu kilekile tulichoambiwa tunakizuia! Aliyetupa ushauri ule bado nina hasira naye, maana ushauri wenyewe ulishapitwa na wakati: mwaka 2004 watafiti wa Barcelona walionyesha kuwa kupunguza protini hakuwasaidii wagonjwa waliochanganyikiwa, bali mwili unazidi kujila.

Ini likishindwa, misuli ndiyo inayolisaidia kuondoa amonia, taka yenye sumu kwa ubongo, kwenye damu. Ukiimaliza misuli, amonia inapanda na akili inavurugika. Mgonjwa aliyeishiwa misuli hushambuliwa zaidi na maambukizi, hulazwa mara kwa mara, na hatari ya kufa huongezeka hata kama alama zake za MELD (kipimo cha ukali wa ugonjwa wa ini) si mbaya. MELD inasoma damu, bilirubini na kreatinini na vinginevyo. Misuli haiioni kabisa.

Miongozo ya EASL (chama cha Ulaya cha wataalamu wa ini) ya 2019 inataka gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ukitoa uzito wa maji. Na asilale bila kula kitu! Ini lenye makovu halina akiba ya kutosha ya sukari, hivyo usiku mmoja tu wa njaa unatosha mwili kuanza kuvunja misuli. Akichanganyikiwa, atafutiwe chanzo (choo kigumu, maambukizi, kuvuja damu) na apewe laktulosi (dawa ya kulainisha choo inayopunguza amonia), sahani yake isiguswe.

Kama alishapigwa CT ya tumbo, mwombe daktari apime misuli kwenye picha hiyohiyo, usawa wa pingili ya tatu ya kiuno. Na jioni hii mkalishe kitini, akunje mikono kifuani, ainuke mara tano. Simama karibu asianguke, andika sekunde alizotumia, kisha karatasi hiyo iende naye kliniki.