Maswali na Majibu: Sheria Ndogo ya Kununua Haitailinda Kamati Yenu

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji chetu hapa Tanzania. Tunalinda msitu wa kijiji kwa kujitolea. Tulimkamata mtu na bodaboda na magunia matano ya mkaa, tukamtoza faini ya shilingi 200,000. Sasa amerudi na wakili, anadai tumemnyang'anya. Sheria ndogo yetu ilipitishwa na halmashauri ya kijiji na ina mhuri wa mtendaji. Kuna mtaalamu anasema tumlipe 300,000 atuletee sheria ndogo mpya, kila kitu tayari ndani ya wiki, pamoja na vitambulisho vya wajumbe. Tumlipe?

JIBU: Msimlipe, ndugu katibu. Na huyo wakili msimpuuze, maana kwa maelezo yako mteja wake ana hoja.

Halmashauri ya kijiji haipitishi sheria ndogo peke yake. Inaandaa rasimu, rasimu inapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji. Wakishaijadili na kuikubali, inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Bila idhini ya wilaya, mlichonacho ni rasimu yenye mhuri. Kwa hiyo nikikuomba vitu viwili tu, muhtasari wa mkutano mkuu wenye mahudhurio, na barua ya wilaya inayoidhinisha, unavyo? Kama hamna, hapakuwa na msingi wa kudai faini hiyo.

Wala msidhani sheria ndogo mpya itawaokoa katika shauri hili. Katiba yetu, ibara ya 13(6), hairuhusu mtu kuadhibiwa kwa jambo ambalo halikuwa kosa siku alipolitenda. Ila kosa lipo mahali pengine. Kuvuna na kusafirisha mkaa bila kibali ni jambo la Sheria ya Misitu ya 2002, na hilo halingojei kijiji kiandike chochote. Mngemkabidhi polisi au kwa afisa misitu wa wilaya, pamoja na mkaa wake na maelezo ya mashahidi, leo yeye ndiye angekuwa anatafuta wakili kwa wasiwasi.

Sasa huyo mtaalamu wa wiki moja. Wa aina yake nawaona kila mwaka na uvumilivu umeniisha. Wana faili moja kwenye kompyuta, wanabadilisha jina la kijiji, wanachapa. Nimewahi kuletewa sheria ndogo ya kijiji cha bara kabisa, ambako bahari wanaisikia redioni, na kifungu cha nne kinakataza kukata mikoko. Kifungu cha tisa kilikuwa na jina la kijiji cha mkoa mwingine. Wajumbe walikuwa wameshaitumia kutoza watu. Hata ingekuwa imeandikwa kwa ufundi, isingetaja mipaka yao, malisho yao, wala chemchemi yao, kwa sababu mwandishi hajawahi kukanyaga pale. Vitambulisho navyo haviongezi mamlaka yoyote. Vinaongeza vitisho barabarani, basi.

Lakini tapeli anapata soko kwa sababu kamati zenyewe zinamhitaji. Kamati nyingi zinaamini kazi yao ni kukamata na kutoza. Mjumbe akichaguliwa leo, kesho anaulizia buti, rungu na kitabu cha stakabadhi. Sheria haikuwaweka kwa ajili hiyo. Kamati ya msitu wa kijiji inachaguliwa ili isimamie msitu kwa niaba ya halmashauri ya kijiji, na itoe taarifa kwa kijiji. Mkutano mkuu unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Niambie, mara ya mwisho kamati yenu ilisimama mbele ya watu na kusema miti gani imekatwa upande gani, kibali gani kimetolewa, shilingi ngapi zimeingia na ziko wapi, ni lini?

Na hapo ndipo faini zinapoharibu kila kitu. Wajumbe hawana mshahara, kwa hiyo wanakubaliana kimyakimya kwamba sehemu ya faini iwe posho. Tangu siku hiyo kamati inahitaji wahalifu. Mwaka msitu ukitulia, posho hakuna. Watu wa kijiji si wajinga, wanaliona hilo mapema, na mwizi wa magogo naye analijua: anawagawia wajumbe hela kabla hata ya kuingia msituni, na doria inapita upande mwingine.

Linganisha na vijiji vya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, vilivyoingia kwenye mradi wa mkaa endelevu ulioanza 2012. Kule mkaa haukupigwa marufuku. Msitu uligawanywa, sehemu kubwa ikabaki hifadhi na sehemu ndogo ikapangiwa uvunaji katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavyopishana kama bao la drafti, na visiki vinaachwa vichipue. Mchoma mkaa ni mwanakijiji mwenye kibali, analipia ushuru, fedha zinaingia kijijini na mkutano mkuu unaamua zifanye nini. Kazi ya kamati pale ni kuonyesha kitalu, kukagua ukataji, kuandika magunia. Haina mbwembwe, na mtu wa kuvizia usiku anapungua, kwa sababu majirani wa msitu wana cha kupoteza.

Zipo pia huduma ambazo kamati zinazisahau kwa kuwa hazina faini. Ombi la mwekezaji au jirani kutaka ekari kadhaa linapofika kijijini, kamati ndiyo ya kuuliza kama eneo hilo limo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi. Mtu akianza kujenga ukingoni mwa mto, kamati ndiyo ya kukumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Kukumbusha na kutoa taarifa kwa maandishi kwa mtendaji, nakala kwa afisa mazingira wa wilaya. Nakala hiyo ina nguvu kuliko mgambo kumi.

Nayasema haya kwa kijiji chako, ila ugonjwa huu umeenea. Kamati za mitaa mijini zinatoza watu wanaotupa taka njiani bila hati yoyote, na pwani na maziwani nimeona vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vikikamata nyavu na kuziachia kwa hela ya mkononi. Yeyote anayepokea faini bila stakabadhi halali anajiweka kwenye hatari ya kushtakiwa yeye, hata kama msitu au samaki aliowalinda ni wa kweli.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mwenyekiti na mtendaji wamrudishie yule bwana 200,000 kwa maandishi, wote wasaini, na kesi ya mkaa ipelekwe kwa afisa misitu. Simamisheni faini zote hadi wilaya ijibu. Rasimu yenu, hiyohiyo yenye mhuri, ipelekeni mkutano mkuu ujao, kisha kwa mwanasheria wa halmashauri ya wilaya. Yeye ni mtumishi wa umma, kuwasaidia ni sehemu ya kazi yake. Mwulizeni pia ukomo wa faini mnayoweza kuweka. Zile 300,000 nunueni madaftari, na rangi ya kuweka alama kwenye miti ya mpakani.