Makao ya wazee: nitajuaje kama mama atakuwa salama?

SWALI: Ndugu Mhariri, mama yetu ana umri wa miaka 78 na amepooza upande wa kulia tangu alipopata kiharusi. Mimi na mume wangu tunatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, ndugu zangu wako Mwanza na Songea, na wadada wa kazi hawakai kwa sababu kumgeuza na kumwogesha mtu mzima kunawashinda. Tumeonyeshwa makao ya mtu binafsi huko Kigamboni, yenye bustani nzuri na sebule yenye televisheni kubwa. Baba mdogo anasema tunakwenda kumtupa mama. Nifanyeje ili nijue kama pale ni salama?
Binti Mkubwa, Kimara

JIBU: Kuhusu baba mdogo, mwombeni afuatane nanyi kwenda kukagua, maana anayehofia mzee wake kutupwa hatadanganywa na bustani. Ni kweli kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaiweka familia mbele na kuyafanya makao kuwa kimbilio la mwisho, lakini kwa maelezo yako, kumwacha mama peke yake kutwa nzima ni hatari kubwa zaidi.

Ombeni kuona hati ya usajili, kisha mkaulize kwa afisa ustawi wa jamii wa Manispaa ya Kigamboni kama makao hayo yanafahamika na kama yamewahi kutembelewa. Wakisema wana muuguzi, waonyeshe leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa kuwa sare nyeupe kila mtu anaweza kushona.

Baada ya hapo, msiende asubuhi, wakati kila mtu amekwisha kuogeshwa na sakafu inang'aa. Nendeni jioni, saa ya chakula na ya kupokezana zamu. Mtu aliyepata kiharusi mara nyingi humeza kwa shida, na chakula kikipita njia ya hewa kinaweza kumletea nimonia. Kwa hiyo tazameni kama mhudumu anamkalisha mzee wima, anampa kijiko kimoja na kusubiri ameze kabla ya kuleta cha pili, na kama anamwacha akae hivyo walau nusu saa baada ya kula. Mkimwona mhudumu amesimama, analisha wazee watatu kwa zamu huku wengine wamelala chali, hamna haja ya kuendelea kukagua. Ulizeni pia ni nani anayekesha, kwa maana ya kukesha na si kulala chumba cha pili, kwa sababu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, na lazima liwepo daftari linaloonyesha saa na jina la aliyemgeuza.

Mama akishapokelewa, kila mnapomtembelea mkagueni kiunoni, kwenye kifandugu, nyongani na visiginoni. Vitabu vingi huzungumzia wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, hivyo mguseni: mahali penye joto, pagumu au panapouma kuliko ngozi ya jirani, kidonda cha mgandamizo, yaani kile kinachotokana na kulalia sehemu moja muda mrefu, kinaanza hapo.

Dawa za presha ziwe na jina lake, zifungiwe kabatini na ziandikwe kila zinapotolewa. Bafuni pawe na vyuma vya kushikilia, na vigae visiteleze. Jambo ambalo wengi hulisahau ni madirisha ya nondo na mageti ya kufuli tuliyoyazoea Dar es Salaam, ambayo humzuia mwizi lakini pia humfungia mzee ndani moto unapozuka. Ulizeni funguo ziko wapi usiku, na ni nani atakayembeba asiyetembea. Ulizeni vilevile gari gani litamkimbiza mama Muhimbili saa nane usiku, na kama dereva atasubiri kivuko au atapita Daraja la Nyerere. Mwenye makao aliyejiandaa atawajibu papo hapo.

SWALI: Baba yangu husahau sana na huamka usiku. Makao anakoishi humfunga mkono kwenye kitanda kwa kitenge, wakidai asije akaanguka. Je, ni sawa?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Si sawa, hata kama nia yao ni njema. Mzee aliyefungwa hujivuta, akajinyonga au akapinduka na kitanda, na misuli yake hudhoofika hadi hata mchana ashindwe kusimama vizuri. Waombeni wamshushie godoro liwe karibu na sakafu, wampeleke msalani kabla ya kulala na tena katikati ya usiku, na waache taa hafifu ikiwaka njiani. Ulizeni pia kama ana maumivu, kama anapata choo kwa shida, au kama anachomwa anapokojoa, kwa sababu mtu aliyepoteza kumbukumbu huonyesha mambo hayo kwa kuhangaika usiku badala ya kusema. Wakiendelea kumfunga, andikeni barua kwa uongozi wa makao, nakala mwipeleke kwa afisa ustawi wa jamii, na mwanze kumtafutia mahali pengine bila kusubiri majibu.