Kadi ya mkopo ukiwa chuo

Mdogo wangu, umeuliza kama uchukue kadi ya mkopo nawe bado uko mwaka wa pili, kazi huna. Kama shida ni kulipia vitu mtandaoni tu, kadi ya kawaida ya akaunti yako yatosha, hiyo hula pesa zako mwenyewe. Ukiitaka ya mkopo, uliza ada ya mwaka na riba ya mwezi, kisha lipa deni lote taarifa ikija. Yale "malipo ya chini kabisa", yaani kile kiasi kidogo benki inachokuruhusu ulipe deni lingine likibaki, ndiyo mtego: tuseme wadaiwa 20,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, 600 zishakwenda. Na usitoe nayo pesa taslimu kwenye ATM ya Moi Avenue eti ukanunue viazi karai. Riba huanza siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa kulipa, jina likaingia CRB, wale wanaoweka rekodi za wakopaji na madeni yao. Lo, kulisafisha!