Six Pianos ni watu sita kweli

Kama unadhani Six Pianos ni mtu mmoja karekodi mara sita, hapana bana. Huo muziki wa Steve Reich, mtunzi wa Marekani, wa 1973, unapigwa na watu sita kila mtu na piano yake, na wazo lake la kwanza lilikuwa kubwa zaidi, alitaka piano zote za dukani zipigwe kwa pamoja, akaona hapana hii vurugu, akabaki na sita zile ndogo za wima ili wapigaji wakae karibu wasikilizane vizuri. Kaeleza mwenyewe kwenye maelezo ya hiyo kazi. Ila kama uliona mtu mmoja na spika, hiyo itakuwa Piano Counterpoint, muziki uleule umepangwa upya 2011, sehemu nne zinatoka kwenye rekodi.