Barua kwa mwanangu Somoe: kuhusu lile gari la milioni 11

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpendwa Somoe,

Nimeupokea ujumbe wako nikiwa nimetoka kuswali alasiri, nikausoma mara mbili kabla ya kumwonyesha mjomba wako. Unaniuliza kwa nini ulipe shilingi milioni 13 kwa Toyota IST ya cc 1,300, wakati dalali wa Masasi anakupa kwa milioni 11 gari refu la cc 2,500 lenye turbo na viti vya ngozi, na hali njia za vijiji vya Newala unakowatembelea wakulima zinahitaji gari lililonyanyuka. Swali lako ni la haki, na jibu langu ni kwamba uchukue dogo. Lakini kwa kuwa nilitunza hesabu za chama cha msingi cha ushirika kwa miaka 19, sitaki unikubalie kwa heshima tu bila kuziona namba.

Umesema unatembea kama kilomita 1,200 kwa mwezi, ukijumlisha na safari za kuja nyumbani. Gari kubwa la namna hiyo, kwa vumbi na vilima vya huko, likikupa kilomita 8 kwa lita moja ushukuru. Dogo, likiwa zima, litakupa 13. La kwanza basi litakunywa lita 150 kwa mwezi na la pili lita 92 na kidogo. Bei kikomo za mafuta hutangazwa kila mwezi na EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, na hazitulii, kwa hiyo tuweke shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Tofauti ya lita 58 ni shilingi 174,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, na hapo ule unafuu wa dalali umekwisha kabla gari halijatimiza mwaka mikononi mwako. Usisahau pia kwamba ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, iliyofutwa katika bajeti ya mwaka 2017, ilihamishiwa kwenye ushuru wa mafuta, na kwa sababu hiyo mwenye gari la kiu ndiye anayeilipa zaidi kuliko wenzake.

Hata hivyo, si mafuta yaliyomchosha marehemu baba yako. Ulikuwa shule ya msingi alipoleta lile gari la dizeli, nalo lilikuwa na turbo, alilolinunua kwa milioni 9 kutoka kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuuza, na sisi hatukujiuliza haraka hiyo ilitoka wapi. Pampu ya dizeli ilipokufa, fundi wetu hakuwa na chombo cha kuipimia. Tukaagiza nyingine Dar es Salaam, ikaja kwa basi, ikawa siyo yenyewe, ikarudishwa, na gari likakaa chini ya mwembe wiki tano huku msimu wa korosho umepamba moto na sisi tunakodi magari ya watu kusombea magunia. Daftari langu la jalada jeusi bado lipo. Linaonyesha kwamba katika miezi 26 tulitumia milioni 6 na laki 4 kwa spea na ufundi pekee, mafuta hayamo, kisha tukaliuza kwa milioni 3 na nusu. Safu ambayo sikuiweka katika daftari lile, na ambayo leo ningeiweka ya kwanza, ni ya siku ambazo gari lilisimama.

Ndiyo maana nakuambia, kabla ya kuuliza gari ni la bei gani, nenda gereji za Newala na Masasi uhesabu magari yanayotengenezwa pale, kisha uingie duka la spea uulize rejeta, shokapu na bushi za gari unalolitaka kama zipo rafuni au ni za kuagiza. IST utaikuta kila mahali. Injini yake ya 2NZ ndiyo iliyofungwa pia katika Probox na Funcargo za cc 1,300, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya maelfu ya kilomita, na tairi zake ndogo hazitakula mshahara wa mwezi mzima. Hakikisha tu ni toleo la kwanza, lililotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007, kwa maana gia boksi yake ni ile ya otomatiki ya kawaida ambayo mafundi wetu wameizoea.

Kuhusu kimo cha gari una hoja, nami siwezi kuipuuza. Wengi huweka spesa, yaani vipande vya kuongeza kimo, juu ya shokapu ili kulinyanyua, na kidogo hakuna ubaya. Ukizidisha, shafti za mbele zitakaa kwa pembe mbaya na raba zake zitapasuka mapema. Kwa zile siku chache za masika ambapo gari dogo haliwezi kupita, liache nyumbani upande bodaboda. Huhitaji kulilisha gari kubwa mwaka mzima kwa ajili ya wiki tatu za matope.

Sasa, hilo dogo lenyewe usilinunue kwa kulitazama rangi. Dalali atakuambia ni namba D, kana kwamba hiyo ni cheti cha afya, ilhali herufi hiyo hueleza gari liliandikishwa lini hapa nchini na haisemi kitu kuhusu mwaka lilipotengenezwa. Kilomita za kwenye dashibodi nazo hurudishwa nyuma. Mimi huamini zaidi kanyagio la breki lililolika na usukani uliong'aa. Mlete fundi wako, si wa dalali, alale chini ya gari atazame kutu, kwa kuwa gari lililoishi miaka mingi huku kwetu pwani linaweza kung'aa juu na kuwa limeoza chini. Tairi zina tarakimu nne pembeni, mbili za wiki na mbili za mwaka zilipotengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha liwashe likiwa limelala usiku kucha, upande nalo kilima cha kutoka Masasi kwenda Newala ukiwa umewasha kiyoyozi, na utazame mshale wa joto. Gari lenye kawaida ya kuchemsha litajisema lenyewe hapo. Na usimwage maji ovyo kwenye rejeta, tumia kulanti, ile dawa maalumu ya kupozea injini, maana maji ya Newala yenyewe ni ya kutafuta.

Bima ndogo hulipa hasara ya mwenzako tu, gari lako likiumia ni juu yako. Kwa kuwa unaweka akiba yako yote humo, mwaka wa kwanza kata bima kubwa.

Muda nao una bei. Minada ya korosho ikianza Oktoba, fedha huingia vijijini na wauzaji hupandisha bei. Sasa ni Juni, watu wanatafuta pesa za palizi na dawa, kwa hiyo mwenye IST mtajie milioni 12 na umwache afikiri siku mbili. Usitoe arbuni kabla hujaiona kadi halisi, ukalinganisha namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye gari, ukaangalia kama lina faini za polisi zisizolipwa. Kubadilisha jina kufanyike siku ile ile ya malipo.

Mjomba wako atapanda basi Alhamisi kuja kusimama nawe siku ya ukaguzi. Nimempa laki 6 zangu za tairi, na daftari jipya.

Mama yako