Maswali ya Wasomaji: Wanagenzi wa Geisha

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam aleykum. Mimi nasomesha historia katika skuli ya sekondari hapa Wete. Wanafunzi wangu wa kike waliwaona katika televisheni wasichana wa Kijapani waliopakwa weupe usoni, wakaambiwa kuwa ni geisha walio mafunzoni. Nusu ya darasa ilisema hao ni wasanii, nusu ikasema ni wanawake wanaouza miili yao, na mmoja akauliza iwapo nao wana somo kama mwari wa kwetu. Je, huanza wakiwa na umri gani, nani huwalea, na hulipwa? (Mwalimu, Wete, Pemba)

JIBU: Waaleykum salaam, Mwalimu. Nusu ya kwanza ya darasa lako ndiyo iliyopata. Geisha ni msanii anayelipwa kwa kucheza, kupiga ala na kuzungumza na wageni katika karamu, na mwanagenzi wake katika mji wa Kyoto huitwa maiko. Mji huo una mitaa 5 ya kazi hii, na mmoja wao, Gion Kobu, ndio wenye maonyesho mashuhuri ya mwezi wa Aprili yaliyoanza mwaka 1872.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mtoto aliweza kupelekwa kazini angali mdogo sana, na fedha walizochukua wazazi wake zikawa deni lake yeye. Sheria za elimu na za ulinzi wa watoto zilizotungwa baada ya vita zilibadilisha hali hiyo, hivyo leo msichana huingia baada ya kumaliza elimu ya lazima, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, kwa kutaka mwenyewe na kwa ridhaa ya wazazi wake.

Akikubaliwa, huhamia okiya, yaani nyumba ya mafunzo inayoongozwa na mwanamke ambaye wote humwita mama. Kwa muda wa karibu mwaka mmoja hufanya kazi za nyumbani, huku akijifunza lahaja ya Kyoto, namna ya kuvaa kimono, kucheza, kuandaa chai kwa taratibu zake, na kupiga shamisen, ala ya nyuzi 3. Wasiostahimili huondoka katika kipindi hiki. Anayebaki hukaa takriban mwezi mmoja akihudhuria karamu kwa kutazama tu, kisha hutambulishwa rasmi mtaani.

Mwanafunzi wako aliyeuliza habari za somo aliuliza swali zuri. Kabla ya kutambulishwa, maiko hufungamanishwa na dada mkubwa kwa kunywa pamoja vikombe vya sake, pombe ya mchele ya Kijapani, kwa utaratibu maalumu, na kwa kawaida hupewa jina la kazi lenye sehemu ya jina la dada huyo. Tangu hapo dada ndiye anayemwonesha adabu za kazi, na mdogo akikosea, mkubwa huwajibika kuomba radhi. Tofauti ni kwamba somo wa kwetu humwandaa mwari kwa utu uzima na ndoa, ilhali maiko aliyeolewa huacha kazi.

Mateso ya mwili yamesemwa sana, nami nitayapitia kwa ufupi. Maiko hutengenezwa nywele zake mwenyewe, si za bandia, kwa hiyo mtindo mmoja hudumu kama wiki nzima, naye hulala juu ya mto mgumu ulioinuka ili usiharibike. Wengine hupata upara mdogo utosini kwa kuvutwa nywele miaka mingi. Viatu vyake vya mbao vina kimo cha sentimita 10 hivi, na mshipi wa kimono una urefu wa zaidi ya mita 5.

Kwa maoni yangu, mzigo ulio mzito zaidi hauonekani katika televisheni. Maiko hana mshahara. Okiya humlisha, humvika na kumlipia masomo, naye hupewa fedha kidogo za matumizi, lakini malipo ya karamu anazohudhuria huingia katika nyumba hiyo hadi atakapohitimu, kwa kawaida baada ya miaka 5 hivi, ambapo ukosi wake mwekundu hubadilishwa ukawa mweupe. Akiacha katikati, hutoka akiwa na elimu ya lazima peke yake, wakati wenzake wa rika moja wamekwisha maliza sekondari ya juu. Na kwa kuwa huchukuliwa kuwa mwanafunzi wa sanaa na si mwajiriwa, sheria za kazi hazimkingi ipasavyo. Mwaka 2022 aliyekuwa maiko alieleza hadharani kwamba alinyweshwa pombe nyingi akiwa na miaka 16, ingawa sheria ya Japani inakataza pombe kwa aliye chini ya miaka 20. Wapo waliotoka katika kazi hiyo wakasema hayakuwafika hayo, nami siwakadhibishi. Lakini msichana wa umri huo asitegemee wema wa mama wa nyumba pekee.

Watalii nao ni adha nyingine, jambo ambalo watu wa Mji Mkongwe hatuhitaji kuelezwa sana. Waliwafuata maiko vichochoroni wakiwapiga picha, baadhi wakiwashika nguo, hata mwaka 2024 wakaazi wa Gion wakawafungia watalii baadhi ya njia za binafsi, kwa faini ya yeni 10,000.

SWALI: Marehemu bibi yangu alikuwa akisema kuwa zamani Mji Mkongwe walikuwapo wanawake wa Kijapani. Je, hao walikuwa geisha? (Msomaji, Mkunazini, Unguja)

JIBU: Bibi yako alisema kweli kwamba walikuwapo, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, lakini hawakuwa geisha. Kwao waliitwa karayuki. Wengi wa wanawake hao walitoka katika vijiji maskini vya Amakusa na Shimabara, kusini mwa Japani, wakauzwa au kudanganywa na mawakala, wakasafirishwa hadi bandari za mbali kama Singapore, na wachache wakafika hapa kwetu kufanya kazi ya ukahaba. Hawakupitia okiya wala mafunzo ya miaka. Mkanganyiko wa namna hii ulizidi duniani baada ya mwaka 1945, pale askari wa Marekani waliokuwa Japani walipowaita geisha hata makahaba wa mitaani, na ndio unaoligawa hadi leo darasa la Mwalimu wetu wa Wete.