Barua kwa mwanangu: bara la Wafaransa

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sisi huku Unguja hatujambo, mama yako kikohozi kimemwacha.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema jirani yako hapo Marseille ni mtu wa Mayotte, kisiwa kile cha upande wa Komoro, pasi yake ya Kifaransa, lakini kila akihadithia husema "siku niliyokuja Ufaransa". Ukaniuliza: baba, kwani kwao si Ufaransa?

Ni Ufaransa. Tangu tarehe 31 Machi 2011 Mayotte ni mkoa wa 101 wa nchi hiyo, na fedha yao ni yuro kama hiyo unayolipia kodi ya chumba. Mikoa 96 iko Ulaya, mitano iko ng'ambo: Guadeloupe, Martinique, Guyane, Réunion na Mayotte.

Lakini mkumbuke mama yako akirudi sokoni Darajani: "Viazi hivi vya bara." Sisi watu wa visiwani ndio wenye kulisema hilo neno kutwa. Mtu wa Dodoma ukimuuliza anakaa wapi, atakwambia Dodoma. Na jirani yako ni hivyo hivyo. Kwao upande wa Ulaya huitwa métropole, na Mfaransa wa Paris kwake hapo ni Ufaransa, basi. Wengine husema Hexagone, yaani pembesita, kwa umbo la ramani. Cha kuchekesha, Corsica, kisiwa kama hiki chetu, kinahesabiwa ndani ya métropole. Kumbe suala si maji.

Bara letu ni nchi kavu tu, halina ukubwa juu ya mtu. Métropole limetoka Kigiriki, mama na mji, kwa hiyo neno lishaamua nani mzazi na nani mtoto. Mwaka 1946 Aimé Césaire, mbunge wa Martinique, aliitetea bungeni sheria iliyoyageuza makoloni manne kuwa mikoa, watu wakitaraji haki sawa na za Paris. Mayotte haikuwemo, na mpaka leo kima cha chini cha mshahara huko ni kidogo kuliko cha huko uliko. Tena mgeni akipewa kibali cha kukaa Mayotte, hakimtoshi kwenda kuishi Paris. Lazima aombe ruhusa nyengine. Nchi moja hiyo!

Bibi yako, Mngazija yule, Mungu amrehemu, hakuwahi kusema Mayotte. Alisema Maore, akiihesabu pamoja na Ngazija, Nzwani na Mwali, visiwa vinne vya Komoro. Katika kura ya 1974 visiwa vitatu vilitaka uhuru, Maore ikataka kubaki na Mfaransa. Kutoka Nzwani ni kama kilomita 70 tu, lakini tangu 1995 Mnzwani hawezi kuvuka bila viza. Wanaovuka usiku kwa vidau vya kwassa-kwassa, wengi wamezama. Kwa hiyo ukizungumza na jirani yako usianze na habari za kura. Humjui alizika nani.

Anza na lugha. Mtu wa métropole wao humwita mzungu, neno letu lile lile. Msemeshe Kiswahili cha taratibu, naye akujibu Kimaore. Mengine mtayapata kwa kucheka. Na saa za Mamoudzou, mji mkuu wa Mayotte, ni hizi hizi za Unguja, basi jioni ukimsikia anawapigia wazee wake, nawe tupigie.

Baba yako